Shangazi, nimepewa dakika 40 kuwafundisha makuruta kuhusu hedhi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni koplo, mkufunzi katika chuo cha mafunzo ya awali ya kijeshi. Kombania yetu ina makuruta wa kike na wa kiume, na kwa kuwa mkufunzi wa kike ni mimi peke yangu, kila jambo linaloitwa "la wasichana" huishia kwangu. Kundi jipya linaripoti mwezi ujao. Nahodha wetu ameniwekea dakika 40 kwenye ratiba ya juma la kwanza niwape wanawake somo la afya ya hedhi. Kabla ya hapo somo hilo halikuwahi kupewa hata dakika moja, kwa hiyo nashukuru. Ila aliponikabidhi ratiba alicheka kidogo akasema, "Usije tu ukawafundisha namna ya kukwepa mbio."

Sisi tulipokuwa makuruta tuliambiwa maneno mawili: pedi ziko stoo, mwenye tatizo aende kwa daktari. Basi. Nikirudia hayo, dakika 40 zitakuwa nyingi mno. Nikisema yote ninayoyaona, hazitatosha.

Ninayoyaona ni haya. Katika kundi tulilonalo sasa kuna binti hajaona siku zake tangu aingie, na huu ni mwezi wa nne. Yeye anafurahi. Huwaambia wenzake kwamba jeshi limemkomboa, nao wanamwonea wivu. Juma hili nimemwona akichechemea baada ya mbio za asubuhi. Nilipomuuliza akasema ni buti.

Wengine hawanywi maji tukienda porini. Wanabeba chupa imejaa na kurudi nayo imejaa, kwa sababu hawataki kuomba ruhusa ya kwenda kichakani mbele ya wanaume, na wakiwa kwenye siku zao ndiyo kabisa. Kuna waliokuja na sindano ya uzazi wa mpango ili wasipate hedhi kozini. Wapo wanaomeza vidonge vya maumivu kila asubuhi kama vitafunwa. Na karibu wote wanaogopa kwenda zahanati kusema siku zimepotea, maana neno la kwanza watakalosikia ni "una mimba", na mimba ni mwisho wa kozi.

Naomba unisaidie, Shangazi. Niseme nini katika dakika hizo? Nimjibu nini nahodha? Na wakufunzi wa kiume, wakae ndani au watoke?

Koplo

*

Marahaba, afande.

Somo lako linaweza kusubiri mwezi ujao. Huyo binti anayechechemea hawezi. Mpeleke zahanati kesho kabla ya mbio, wala usiulize tena habari za buti.

Mwambie akuonyeshe kwa kidole panapouma. Misuli iliyochoka huuma eneo zima. Mtu hupapasa muundi wote kwa kiganja na kukwambia "hapa, hapa kote". Lakini akikuwekea ncha ya kidole mahali pamoja, akashtuka pakibonyezwa, na usiku pakamuuma hata akiwa amelala, chukulia kwamba mfupa umeanza kupata ufa mpaka daktari aseme vingine. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima ilhali ufa upo. Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, huuona mapema zaidi. Kwa hiyo akirudi na habari kwamba picha haina kitu na maumivu yako palepale, asirudishwe kwenye mbio. Na siku yoyote kuruta akikulalamikia maumivu ya kinena anapokanyaga, huyo abebwe. Ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukiachwa mpaka mfupa ukatike, kinachofuata ni upasuaji, na huenda asirudi tena kwenye mafunzo.

Zahanati watampima mimba kwanza, na ni sawa, kwa sababu mwanamke yeyote aliyekosa hedhi huanzia hapo. Kosa ni kuishia hapo. Kipimo kikisema hana mimba, wengi huambiwa "basi, ni mazoezi tu, zitarudi" na kufunguliwa mlango. Wewe mwambie binti aseme mwenyewe, kwa sauti: "Sijaona siku zangu miezi mitatu imepita, na mfupa unauma." Daktari makini akisikia mambo hayo mawili kwa pamoja hatamwachia aondoke na dawa ya kuchua. Atauliza anakula nini na kiasi gani, atapima damu, ataangalia tezi ya shingo na homoni nyingine, maana njaa si sababu pekee ya hedhi kukatika.

Sasa somo lenyewe. Wengi wangeanza na pedi. Mimi ningeanza na huyo huyo binti, bila kumtaja: hedhi inayopotea. Namna ya kubadili pedi wengi wanaijua tangu wakiwa shule. Wasichokijua, na ambacho kambi nzima inawadanganya kila siku kwa utani, ni kwamba kukatika kwa hedhi si nishani ya ukakamavu.

Waeleze hivi. Hedhi huanzia ubongoni. Kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi ambayo hutuma ishara kwa mapigo, tezi iliyo chini yake huitikia kwa kutoa homoni za LH na FSH, na hizo ndizo huamsha ovari zikomaze yai na kutengeneza estrojeni. Chakula kinachoingia kikiwa kidogo kuliko kazi inayofanyika, mwili hufanya kama kambi iliyozingirwa: posho hupewa kwanza walio mstari wa mbele, yaani moyo, mapafu na misuli. Uzazi huambiwa usubiri. Mapigo ya ubongo hupungua, yai halikomai, estrojeni hushuka, damu haiji.

Laiti ingeishia kwenye damu. Estrojeni ndiyo hulinda mifupa, na msichana wa miaka 18 au 20 bado anajenga mfupa atakaoutegemea uzeeni. Mwondolee estrojeni, mpe shanta na buti, mkimbize kwenye ardhi ngumu kila alfajiri, na mfupa utabomolewa kwa kasi kuliko unavyojengwa upya. Katika majeshi yaliyofanya utafiti, makuruta wa kike hupata nyufa za mifupa mara kadhaa zaidi ya wenzao wa kiume, na hedhi iliyokatika ni moja ya dalili za mapema zinazoonekana bila mashine yoyote.

Wape na hesabu, maana kuruta huamini hesabu. Watafiti hutumia mpaka wa kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usiohesabiwa mafuta, nazo ni zile zinazobaki baada ya kutoa zilizochomwa na mazoezi. Mtu akiwekwa chini ya hapo, mapigo ya LH huanza kuyumba ndani ya siku 5 tu. Chukua binti wa kilo 60 ambaye robo ya uzito wake ni mafuta. Anabaki na kilo 45. Mara 30, ni kilokalori 1,350. Tuseme mbio, kwata na fatiki za siku zimemla 1,200. Lazima ale 2,550 ili asimame tu juu ya mstari wa hatari. Ili mwili uwe na raha, huhesabiwa 45 kwa kilo badala ya 30, na hapo anahitaji zaidi ya 3,200. Sasa kaa mlangoni mwa bwalo uangalie sahani za mabinti wako zinavyorudi.

Hapa nitakugusa wewe na wenzako, uniwie radhi. Makuruta wengi hawajinyimi chakula kwa kutaka. Anaingia bwaloni wa mwisho, koo limekauka, hamu ya kula imekufa baada ya mbio, na kabla hajameza tonge la tano kuna mtu anapiga filimbi. Kumhubiria lishe binti ambaye hapewi muda wa kutafuna ni kumdhihaki. Ukipata dakika 10 za ziada mezani kutoka kwa nahodha, utakuwa umeokoa mifupa mingi kuliko hotuba yangu yote. Wala uzito usikudanganye: mtu anaweza kupungukiwa nishati hivyo na mizani isitikisike.

Lakini usiwatie hofu. Juma la kwanza la jeshi linavuruga kila kitu, usingizi, ratiba, akili. Mzunguko mmoja ukichelewa si jambo la kukimbilia daktari, ila aliye na sababu ya kuhofia mimba asisubiri. Mzunguko wa kawaida kwa mtu mzima ni siku 21 hadi 35, na damu hutoka siku 2 hadi 7. Ikipita miezi mitatu bila kitu, zahanati. Na kila mmoja awe na kijitabu chake, aandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kijitabu chake, nimesema, si daftari la platuni. Siku nitakayosikia mkufunzi anaita majina na kuuliza nani yuko kwenye siku zake, nitakuja huko mwenyewe kwa miguu.

Jambo jingine lisemwe waziwazi, kwa sababu hapo ndipo watu hunasa: kutoona damu si kinga ya mimba. Mzunguko ukianza kurudi, yai hutangulia na damu hufuata, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone.

Wale wenye sindano ni habari tofauti. Hedhi yao imezuiwa na dawa, si na njaa, na damu haijikusanyi popote tumboni kama wanavyotishana bwenini. Utando wa mji wa mimba huwa mwembamba tu, hauna cha kumwaga. Kuzuia hedhi kwa dawa kunaruhusiwa kitabibu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaweza kumezwa mfululizo bila ile wiki ya mapumziko, na kitanzi chenye homoni hupunguza damu sana. Vyote viwili huleta matone matone miezi ya mwanzo, kwa hiyo anayetaka kuanza aanze mapema, asingoje wiki ya zoezi la porini. Anayepata kipandauso cha kuona vimulimuli, au aliyewahi kuganda damu mguuni, vidonge hivyo si vyake. Sindano nayo ina tatizo linalohusu jeshi hasa: hupunguza uzito wa mfupa kadiri inavyotumika, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa hiyo tangu 2004. Mfupa hujirudia kwa sehemu kubwa mtu akiacha. Usimwamuru yeyote aache. Hiyo si kazi ya koplo wala ya Shangazi. Mwambie aende kwa daktari na swali hili: kwa mazoezi ninayofanya, hii ndiyo njia inayonifaa? Na ajue kwamba dawa imemfichia ile dalili ya mapema, hivyo atazame nyingine: uchovu usioisha, majeraha yanayojirudia, baridi isiyoeleweka.

Maji. Hili linaweza kumwangusha mtu siku moja, halingoji miezi. Anayekataa kunywa ili asikojoe anajitafutia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na, jua likiwa kali, anajitafutia kuzirai au zaidi. Usiwakaripie kwamba wanywe. Waondolee sababu ya kutokunywa. Kwenye matembezi marefu weka vituo vinavyotangazwa kwa wote, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wawili wawili, mmoja akishika koti la mvua kama pazia. Kusiwe na kuomba ruhusa. Kipo pia kifaa kama faneli kinachomwezesha mwanamke kukojoa akiwa amesimama bila kuvua suruali yote. Jeshi la Marekani hukitumia. Hakihitaji ufundi mkubwa, ila ajizoeze bafuni kwanza, si porini siku ya kwanza.

Vifaa usivichukulie muda mwingi, ila vitoe mezani wavishike. Mwagia pedi maji waone inavyobeba. Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6. Tamponi isizidi saa 8, kwa sababu ikikaa mno inaweza kuleta sumu ya bakteria kwenye damu, ugonjwa wa nadra lakini unaoua: homa ya ghafla, kutapika, vipele kama vya kuungua jua, kizunguzungu, anayeona dalili hizo aitoe tamponi mara moja na kukimbizwa hospitali. Kikombe cha hedhi hukaa hadi saa 12, na kwa mtu wa porini hiyo ni nafasi kubwa, lakini anayekianza kozini atahangaika, kinataka mizunguko kadhaa kukizoea. Hakipotei ndani, wala tamponi haipotei. Mlango wa kizazi hauna upenyo wa kuvipitisha. Maji yakikosekana, kikombe kimwagwe, kifutwe kwa karatasi safi, kirudishwe, kioshwe maji yakipatikana. Cha lazima ni mikono: inawe kabla na baada. Kila binti awe na mfuko mdogo usiopitisha maji kwenye shanta, ndani pedi zake, kipande cha sabuni, chupi ya akiba na mfuko mwingine wa kubebea uchafu mpaka mahali pa kuutupa. Wanachoogopa zaidi kwenye gwaride ni doa, kuliko hata maumivu. Ukiwaonyesha chupi maalumu za hedhi zinazovaliwa pamoja na pedi kama ulinzi wa pili, nusu ya darasa itakupenda.

Na mwenye stoo asipange idadi kichwani mwake. Mwaka 1983 wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipokuwa wakimwandaa mwanaanga Sally Ride kwenda anga za juu kwa wiki moja hivi, walimuuliza kama tamponi 100 zingetosha. Wenye akili za kurusha roketi hao! Uliza wanawake.

Maumivu sasa. Ibuprofeni huzuia kemikali zinazoubana mji wa mimba, kwa hiyo hufanya kazi vizuri ikimezwa mara maumivu yanapoanza, ikiwa na chakula, kwa siku moja mbili tatu za mwanzo. Hao wanaoimeza kila asubuhi hawatibu hedhi. Mtu aliyekauka maji akakimbia juani na dawa hiyo tumboni anazitesa figo zake, na tena dawa inaweza kumnyamazishia ule ufa wa mfupa mpaka uwe mvunjiko. Ukiona anaihitaji kila siku, au maumivu yanamwangusha kila mwezi, hilo ni la daktari. Vivyo hivyo anayelowanisha pedi nzima kwa saa moja au mbili, anayetoa mabonge makubwa, au anayevuka siku 7. Hawa ndio huishiwa madini ya chuma, na mbio zenyewe hupunguza uwezo wa mwili kuyanyonya. Unamwona anahema mlimani, unamwita mvivu, kumbe damu yake haina cha kubebea hewa. Kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kitamwambia ukweli kuliko filimbi yako.

Nahodha usishindane naye. Kicheko chake kina hofu ndani, kwamba ukilitaja jambo hili nusu ya kombania italala kitandani. Mwambie kinyume chake ndicho kweli. Tafiti zilizolinganisha wanawake katika siku mbalimbali za mzunguko zimeona tofauti ndogo sana ya nguvu na stamina, na inatofautiana kwa mtu na mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpumzisha kuruta kwa kuwa tu yuko kwenye siku zake. Wewe huombi wapumzike. Unaomba wasivunjike. Kuruta mwenye ufa muundini huondoka kwenye mazoezi kwa majuma mengi, wengine hawarudi kabisa. Mpe na mfano wa kijeshi: kwenye Jeshi la Majini la Marekani, makuruta wa kike zaidi ya 5,000 waligawanywa, wengine wakapewa kalisiamu na vitamini D, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalichapishwa 2008: waliopewa walipata nyufa za mifupa pungufu kwa karibu asilimia 20. Askari akisikia hasara imepungua kwa moja ya tano, huacha kucheka. Kisha muombe zile dakika 10 za bwaloni.

Wakufunzi wa kiume watoke kwenye somo la mabinti, halafu waitwe peke yao kwa robo saa. Hawahitaji kujua habari za kikombe. Wanahitaji kujua kwamba kuruta akisema "naomba zahanati" haulizwi kwa nini mbele ya mstari, kwamba vituo vya maji na choo havifutwi kwa sababu tumechelewa, na kwamba kuchechemea hakutibiwi kwa kuongezewa mzunguko wa uwanja. Atakayefanya mzaha, mwachie nahodha, ndiyo maana umemweka upande wako kwanza.

Dakika 10 za mwisho gawa vikaratasi, kila mmoja aandike swali bila jina, hata asiye na swali aandike chochote ili kalamu zote zitembee. Yasome mwenyewe, yajibu unayoyaweza, yaliyobaki mpelekee daktari wa kambi, na majibu yake yabandike ndani ya bafu la wanawake. Vikaratasi vichome jioni hiyo hiyo.

Shangazi